Kurasa za Karanga

Kiingereza nisichofundishwa shuleni
nilifundishwa na karanga za mia mbili mbili
za Mama Nakijwa, ukutani mwa duka la vipuri, Mbuyuni.

Kamusi aliiokota wapi, sijui.
Aliichana ukurasa kwa ukurasa,
anakunja pembe, anatia kiganja cha karanga,
anasokota mkia. Basi.
Mimi mlinzi wa usiku, ghala la mbao, hapa hapa Moshi:
karanga huisha kabla ya saa tatu,
na mpaka alfajiri nabaki na karatasi.

Hazikuja kwa mpangilio.
Jumatatu W, Jumanne C,
wiki nzima ya S ikanichosha kwa miluzi.
Linger: kukawia mahali bila sababu,
kama mgeni aliyekwisha kuaga
na bado ameshika kitasa cha mlango.
Reluctant ni mbuzi wa Kiboriloni siku ya soko:
yeye hajakataa kwenda,
ni miguu minne tu iliyokataa.
Frugal, nikacheka peke yangu kizani,
kumbe miaka yote hii mke wangu Anansia
ana jina la Kizungu na hajaambiwa.

Niliyasema kwa sauti, mbwa wa jirani akabweka.
Gh hiyo ya nini, kama haisemwi?
Kwetu herufi haialikwi kwenye neno
ije kukaa tu.

Julai, baridi ikipanda kwa mikono ya koti,
ukaja ukurasa wa F.
Forthwith: papo hapo, bila kuchelewa.
Fortitude: hapo mafuta yalishakula maana,
doa la njano, duara, ukubwa wa sarafu.
Nikaliinua kwenye taa, nikaligeuza. Hakuna kitu.
Fortnight: siku kumi na nne.
Nikaukunja, nikautia mfuko wa shati
pamoja na doa lake.

Alhamisi moja karatasi ilikuwa nyeupe, nzito.
Karanga zilikalia muhuri.
Nilishatafuna nne, tano, ndipo nikaona jina:
Nakijwa E. Mbwambo, na namba ya kiwanja, Pasua.
Wakili. Benki. Deni.
Sikuelewa yote. Nilielewa
kama mtu anayevuka mto wa Aprili
kwa mawe machache yaliyotokeza vichwa.
Jiwe moja lilikuwa fortnight.

Nikatazama tarehe. Nikahesabu kwa vidole,
sikuviamini vidole,
nikapanga karanga kumi na nne juu ya benchi
na kwa kila siku iliyopita nikala moja.
Zilibaki tatu.

Forthwith.
Sikufunga hata kamba za viatu.
Niliacha rungu, niliacha geti, pengine niliacha na kazi,
nikamkuta anakung'uta beseni, taa ya chemli miguuni.

Nikamsomea. Niliyoyajua, kwa Kiswahili;
nisiyoyajua nikayaruka,
na kila niliporuka nikamwambia: hapa nimeruka.
Aliinyoosha barua juu ya goti,
akaipangusa chumvi.
"Kijana wa pikipiki aliileta. Nilidhani matangazo."
Kisha kimya.
Kisha akatokea mteja, anataka za mia tano.

Akampimia. Akamwongeza kidogo, kawaida yake.
Akachana ukurasa mwingine, akasokota mkia,
na mkono, niliutazama sana ule mkono,
haukutetemeka.

"Tatu si haba," akasema.
"Benki wanafungua saa ngapi?"

Nikagusa mfuko wa shati,
pale penye doa.